Namba za stresi zimekaa vibaya? Kagua kopo kabla hujamkagua sokwe

Juzi usiku nipo nyumbani Mwanga, hapa Kigoma, kijana mmoja niliyefanya naye kazi porini kanipigia, "Kaka shikamoo, samahani kwa usiku huu, sokwe wetu wote wana stresi, namba zimepanda karibu mara mbili toka mwezi wa kumi na moja, nimwandikie bosi kwamba wageni wapunguzwe?" Nikamwambia marahaba mdogo wangu, usiandike kitu kwanza, hebu niambie makopo ya kuhifadhia kinyesi mnatumia yapi siku hizi. Kumbe yale ya mwanzo yaliisha mwezi wa kumi, wakachukua mengine ya mjini ambayo kifuniko kinaingia lakini hakikazi, na yote yamepangwa kwenye boksi ndani ya chumba cha bati. Kopo linaanza na mililita 5 za ethanoli ya kuhifadhia, likifika maabara limebaki na 3 au chini ya hapo, homoni za stresi zile zile zimejibana kwenye maji kidogo, maabara wanachota kiasi chao cha kawaida na kupiga hesabu kana kwamba zile 5 bado zipo. Namba inapanda yenyewe na sokwe hajui lolote.

Nimeokota haja kubwa na haja ndogo za sokwe na nyani huku Kigoma kwa miaka, afu nikahamia kwenye meza ya maabara, na nilichojifunza pande zote mbili ni kwamba namba ya ajabu mara nyingi inazaliwa njiani kati ya jani na friza, sio ndani ya mnyama. Na hii kitu inaniuma kweli, manake ukimsingizia mnyama stresi ambayo hana, wavuvi wanaweza kufungiwa njia yao, wageni wakapunguzwa bila sababu, na siku mnyama akiwa na shida ya kweli hakuna atakayekusikiliza. Kwa hiyo nimeandika hapa dalili moja moja na wapi pa kuanza kutafuta, kwa mpangilio wa jinsi mimi mwenyewe ninavyotafuta.

Kwanza ujue kinachofika kwenye kopo ni nini

Mnyama akishtuka, akigombana au akikaa na njaa, ubongo unatuma ujumbe na tezi zilizokaa juu ya figo zinamwaga kotisoli, ile homoni ya stresi tunayoipima, kwenye damu, na hiyo ni ndani ya dakika chache tu. Ndo maana damu inatusumbua, ukimshika mnyama umtoe damu tayari umeshampa stresi wewe mwenyewe. Mtafiti mmoja Mmarekani, Robert Sapolsky, alikuwa anawapiga nyani wa Kenya kishale cha usingizi na kuwahi damu kabla kotisoli haijapanda, na aliweza, ila kwa sokwe wa Gombe waliozoeana na watafiti toka 1960, au wa Mahale toka 1965, sioni sababu ya kuwapiga kishale wakati kila asubuhi wanatuachia majibu chini ya mti.

Kutoka kwenye damu kotisoli inapita kwenye ini, inavunjwavunjwa, sehemu inaenda kwenye figo na kutoka na mkojo ndani ya masaa machache, sehemu nyingine inapita na nyongo kwenye utumbo ambako bakteria nao wanaitafuna zaidi, inatoka na kinyesi baada ya siku moja, saa nyingine hadi mbili. Kwa hiyo mkojo unakusimulia ya leo, kinyesi kinakusimulia ya jana au juzi, nywele zinakusimulia ya miezi. Na kwenye kinyesi kotisoli yenyewe karibu haipo, yapo mabaki yake. Haya mawili, ucheleweshaji na mabaki, yabebe kichwani kwa sababu nusu ya matatizo yanatokea hapo.

Dalili: kundi zima limepanda au limeshuka kwa pamoja

Hii ndo iliyompata kijana wangu na ndo inayopotosha wengi, manake inaonekana kama habari kubwa. Wanyama kumi na tano wenye umri tofauti, vyeo tofauti, wengine wana watoto wengine hawana, wote wapande mwezi mmoja? Inawezekana, ila mi huwa nashuku vitu kwanza.

Chukua orodha yako uipange mara nne. Panga kwa tarehe ya kuokota, panga kwa jina la aliyeokota, panga kwa boksi la makopo, mwisho panga kwa sahani ya maabara, yaani ile ya vishimo 96 iliyopimwa siku hiyo. Angalia mruko umekaa wapi. Ukifuata boksi basi tatizo ni kopo au ethanoli. Ukifuata mtu basi kuna mmoja anaokota tofauti na wenzake, labda anachelewa kutia dawa au anajaza kopo kupita kiasi, mfuate umuulize kwa upole, usimtangaze mbele ya kambi nzima. Ukifuata sahani basi ni maabara, na hapo ndo utajua umuhimu wa kuwa na sampuli ya kontroli, ile ile, inayorudiwa kwenye kila sahani. Kontroli ikipanda na wengine, sahani ndo mbovu. Kontroli ikitulia na wengine wakapanda, endelea kutafuta kwingine.

Ikiwa mruko unafuata tarehe peke yake, hapo nenda kwenye chakula na mvua kabla ya stresi. Mvua zikianza huku kwetu chakula kinabadilika, sokwe anakula vitu vingine, kinyesi kinakuwa laini, kina maji mengi, saa nyingine kimejaa mbegu za mabungo au za mbula, msimu mwingine kimejaa nyuzi za chikichi, maana sokwe wa Gombe wanakula chikichi zile zile tunazokamulia mawese. Maji, mbegu na nyuzi vyote vina uzito ila havina homoni ya kukuambia lolote. Ukipima gramu ya kinyesi kibichi utakuwa unalinganisha gramu ya maji na gramu ya kinyesi chenyewe. Kausha kwanza, chekecha, toa mbegu na nyuzi, ndo upime gramu ya kitu kikavu. Hata hivyo chakula chenye nyuzi nyingi kinabadilisha pia muda wa kukaa tumboni, hilo kukausha hakulitibu, kwa hiyo andika kwenye daftari alikuwa anakula nini jana yake.

Ethanoli nayo ina mambo mengine zaidi ya kupungua. Kinyesi kikikaa ndani yake miezi mingi kwenye joto namba zinahama, kuna zinazopanda na kuna zinazoshuka, kwa hiyo ukipima za Januari na za Septemba siku moja mwezi wa kumi, zile za Januari zina safari ndefu kuliko hizi. Dawa yake ni rahisi ila inataka uvumilivu. Okota kinyesi kikubwa kimoja, kikoroge vizuri, kigawe kwenye makopo kumi na mbili, kila mwezi fungua moja upime. Ukimaliza utajua kwenye kambi yako, kwa joto lako, kukaa mwezi mmoja kunabadilisha namba kwa kiasi gani. Hakuna mtu wa nje anayeweza kukupa jibu hilo. Na tafadhali usitumie spiriti ya bluu ya kuwashia jiko kwa sababu ethanoli imeisha na boti la Kibirizi haliji mpaka kesho, bora siku hiyo ukaushe au usiokote kabisa.

Dalili: asubuhi yuko juu, jioni yuko chini, kila siku

Kama unatumia mkojo hii sio dalili ya ugonjwa wowote, ndo mwili ulivyo. Kotisoli inakuwa juu alfajiri mnyama anapoamka na inashuka taratibu mpaka jioni, kwa sokwe kama ilivyo kwa mimi na wewe. Tatizo linakuja pale mwezi mmoja mmeokota saa 12 asubuhi chini ya viota, mwezi unaofuata kundi limehamia mbali mnafika saa 4, afu mtu anasema sokwe wametulia kwa sababu namba zimeshuka. Hawajatulia, mmechelewa ninyi.

Andika saa na dakika, sio "asubuhi". Linganisha mkojo wa alfajiri na wa alfajiri. Babu mmoja wa Mwamgongo aliyenifundisha kufuata sokwe alikuwa ananiambia, "Mwanangu, ukisikia majani ya kiota yanachakacha usikimbilie chini ya mti, tulia, akiamka kitu cha kwanza anakojoa." Na ni kweli, ule wa kwanza wa kiotani ndo mkojo mzuri kuliko wote, uko mzito, muda wake unajulikana, na unajua nani kalala wapi kama jana jioni ulimsindikiza mpaka kiotani. Tega mfuko wa plastiki safi kwenye fimbo yenye panda, au fyonza kwa pipeti kutoka kwenye majani ya chini. Kinyesi hakina tatizo hili la saa kwa kiasi hicho, kwa wanyama wakubwa kama sokwe utumbo unachanganya asubuhi na jioni vikatoka pamoja.

Dalili: mkojo unasoma ajabu, mmoja juu sana mwingine chini sana, na haueleweki

Mkojo unategemea mnyama kanywa maji kiasi gani, kwa hiyo hatusomi kotisoli peke yake, tunaigawa kwa kitu kinachoonyesha mkojo ulivyo mzito. Wengi wanatumia kreatinini. Hapo ndo mahali pa kuchimba, manake ukiona kotisoli kwa kreatinini imepanda jiulize ni juu imepanda au chini imeshuka. Kreatinini inaharibika na jua na joto na kugandisha na kuyeyusha mara nyingi. Mkojo uliokaa kwenye jani juani nusu saa, au ulioganda ukayeyuka mara tatu kwa sababu ya umeme, kreatinini yake inashuka, namba ya mwisho inapanda, na wewe unasema mnyama ana stresi. Afu kreatinini inatoka kwenye misuli, kwa hiyo mzee aliyekonda au mgonjwa aliyepungua mwili anayo kidogo kuliko dume lililojaa, unawalinganisha na kumwona mzee ana stresi kila siku ya Mungu.

Ukiwa na wasiwasi na kreatinini tumia uzito wa mkojo kwa refraktometa, tone moja tu juu ya kioo unasoma pale pale porini, misuli haihusiki. Mi napenda kupima vyote viwili kama mkojo unatosha, vikigombana najua kuna kitu.

Mkojo wa siku ya mvua ni kesi nyingine. Majani yana maji, unafyonza mkojo na mvua pamoja. Kugawa kwa kreatinini kunarekebisha kiasi fulani lakini ukizidi kuwa mwepesi hakuna hesabu itakayouokoa, wengi wanatupa sampuli yenye kreatinini chini ya miligramu 0.05 kwa mililita na mi nakubaliana nao, inauma ukikumbuka mlima ulioupanda siku hiyo lakini itupe. Na mkojo uliogusana na kinyesi usiuchukue kabisa, wala kinyesi kilichokojolewa usikichukue, vile viwili vina mabaki tofauti na bakteria wa kinyesi wanaanza kuubadilisha mkojo hapo hapo.

Dalili: namba ziko chini mno, au kila mnyama anasoma sawa

Kila mnyama kusoma sawa kunatisha kuliko kusoma ovyo, kwa sababu kunaonekana kuzuri. Mara nyingi ni kipimo. Maabara imetumia seti ya kotisoli ya binadamu, iliyotengenezwa kwa ajili ya damu, kwenye kinyesi ambacho kotisoli yenyewe karibu haimo. Kingamwili ya kwenye ile seti inatafuta kitu ambacho hakipo, inaokota makombo. Unahitaji kingamwili inayokamata yale mabaki, na kila jamii ya mnyama inavunja kotisoli kwa namna yake, kazi za kulinganisha vipimo zilizofanyika Göttingen huko Ujerumani zilionyesha kipimo kinachoona vizuri kwa jamii moja kinaweza kuwa butu kwa jamii nyingine. Kwa hiyo kipimo kilichofaa kwa nyani usikipeleke kwa mbega ukakiamini.

Utajuaje kipimo kinaona? Njia ya wazi ni wale wa kwenye bustani za wanyama, wanachomwa homoni inayoamsha tezi za juu ya figo afu wanafuatiliwa kinyesi siku kadhaa, namba ipande na ishuke. Sisi wa porini hatumchomi mtu. Tunasubiri jambo ambalo kila mtu anakubali ni la kutisha, ugomvi mkali wa kupigania cheo, kuvamiwa na kundi la jirani, chui, afu tunaokota mfululizo siku nne tano. Namba isipotikisika hata kidogo rudi kwenye kipimo.

Na fanya lile jaribio la kuzimua. Chukua dondoo moja, yaani ule umajimaji wenye homoni uliokamuliwa kwenye kinyesi, izimue nusu, robo, nusu ya robo, zikikaa kwenye mstari unaokwenda sambamba na ule wa stendadi, ile homoni ambayo kiasi chake kinajulikana, uko salama. Mistari ikikatana basi kuna uchafu kwenye dondoo unaoingilia kipimo, rangi, mafuta, chochote, na namba zako zote mpaka hapo ni za kuwekwa pembeni.

Sababu nyingine ya namba za chini ni kuchelewa kutia dawa. Kinyesi kikitoka bakteria hawajaacha kazi, wanaendelea, na kwenye joto wanaongeza kasi. Kulingana na kingamwili yako namba itapanda au itashuka, hutajua ipi. Kitie kwenye ethanoli mapema iwezekanavyo, mi sichukui kilichozidi saa moja, na ukitia tikisa mpaka bonge livunjike, manake ukiacha bonge zima ethanoli inaua bakteria wa nje tu, wa katikati wanaendelea na sherehe yao.

Dalili: sampuli moja, namba mbili

Umepima mara mbili kitu kile kile na majibu hayafanani. Ndani ya sahani moja tofauti ikizidi asilimia 10 rudia, kati ya sahani na sahani ikizidi 15 simamisha kazi utafute. Kama ni vishimo vya pembeni tu vinavyosumbua basi ni joto, sahani imetoka kwenye baridi moja kwa moja, iache ifike joto la chumba. Kama ni ovyo ovyo ni pipeti au mkono uliochoka. Kama vishimo vinakubaliana ila vipande viwili vya kinyesi kimoja havikubaliani, kinyesi hakikukorogwa. Homoni hazijatapakaa sawa, kichwa cha kinyesi na mkia wake ni saa tofauti. Vaa glovu, kikoroge chote juu ya jani au mfuko, ndo uchukue kiasi chako.

Glovu sio ya harufu. Kinyesi na mkojo wa sokwe wa Gombe ndo vilivyotumika kuonyesha, kazi iliyotoka 2002, kwamba sokwe wa porini pale wana virusi vya ukoo mmoja na VVU, na hakuna sokwe aliyeshikwa. Kwa hiyo heshimu unachookota. Na barakoa na zile mita 10 ni kwa ajili yao, mafua yetu yanawaua.

Dalili: tukio kubwa limetokea na grafu imelala

Dume kapigwa Jumanne saa 5 asubuhi, mkaokota kinyesi chake Jumanne mchana, namba ya kawaida, mnaandika "hakushtuka". Mmeokota Jumatatu yake! Cha Jumanne kitatoka Jumatano au Alhamisi. Kama mnataka Jumanne yenyewe chukueni mkojo wa masaa machache baada ya ugomvi. Na msiokote mara moja mkaacha, mnyama mmoja sampuli moja haina maana, unahitaji kujua namba yake ya siku za kawaida ili uone iliyopanda.

Kuna mambo yanakaa muda mrefu na ukiokota siku mbili utayakosa. Kwa nyani wa Okavango kule Botswana watafiti walifuata majike waliopoteza ndugu wa karibu kwa kuliwa na wanyama wakali, homoni zao za stresi zilipanda karibu mwezi mzima ndo zikarudi, na katika kipindi hicho wakawa wanachambuana manyoya na wenzao wengi zaidi. Kila nikilikumbuka hilo naona hizi kopo zetu zimebeba msiba wa mtu.

Dalili: hujui ni ya nani

Chini ya mti mmoja kumelala mama, mtoto wake mkubwa na dume, asubuhi kuna vinyesi vitatu. Ukikisia umeharibu wanyama wawili. Hukuona kikitoka, usiandike jina. Kama unakihitaji sana, kipande kidogo kiende kwenye vinasaba, kinyesi kina chembe za utumbo za mwenyewe. Jina lililofutika nalo ni hasara ile ile, ethanoli inayeyusha wino wa maka, andika kwa penseli kwenye kikaratasi kigumu ukitumbukize ndani, afu nje uandike tena.

Nywele za kwenye viota watu wanazitamani sana kwa ajili ya hili la miezi mingi, mi sina imani nazo, hujui ni za nani, hujui ziliota lini, jua na mvua vimezipitia.

Dalili: friza ilikuwa inafanya kazi, au ulidhani

Umeme umekatika Ijumaa usiku, Jumatatu umerudi, kila kitu kimeganda vizuri, huna habari kwamba Jumapili kilikuwa supu. Weka kikombe cha maji ndani ya friza, yakishaganda weka sarafu ya mia mbili juu ya barafu. Ukirudi ukaikuta juu uko salama, ukiikuta chini ya kikombe barafu iliyeyuka ikaganda tena, na sampuli zako zimefanya hivyo hivyo. Kwenye boti tumia boksi la barafu lile la wauza samaki, linashika baridi kuliko vingi vya bei, ila sampuli ziwe kwenye mfuko wake uliofungwa na boksi hilo lisirudi kwenye samaki.

Dalili: namba ni sahihi kabisa, maana ndo haieleweki

Umekagua yote na dume kubwa bado liko juu. Hapa watu wengi wanaingiza huruma, eti anateseka. Kotisoli kazi yake ya kwanza ni kutoa nguvu, kupandisha sukari kwenye damu ili mwili upambane. Anayepigana, anayelinda majike, anayekula kidogo kwa sababu hana muda, atapanda. Nyani wa Amboseli, Kenya, madume 125 yaliyofuatiliwa miaka 9, kazi iliyotoka 2011, yule wa kwanza kabisa kwa cheo alikuwa na homoni za stresi juu kuliko wa pili, juu kama wale wa chini. Wa pili ndo alikuwa na nafuu.

Kutenganisha njaa na hofu usitumie homoni moja. Kwenye kinyesi hicho hicho unaweza kupima T3, homoni ya tezi ya shingo, ambayo inashuka mwili ukianza kubana matumizi kwa njaa. Stresi juu na T3 chini, fikiria chakula. Stresi juu na T3 imetulia, fikiria ugomvi, watu, hofu. Kwenye mkojo kuna si-peptaidi inayokuonyesha mwili unapata au unapoteza nguvu, na neopterini ikipanda fikiria ugonjwa. Gharama inaongezeka, najua, ila kuliko kulaumu wageni kwa njaa ya kiangazi bora upime wanyama wachache kwa undani.

Dalili: mmoja tu amepanda, ni jike, na hashuki

Tulipopima upya ujazo wa kila kopo na kurekebisha hesabu, kundi la yule kijana likarudi karibu na namba za Septemba, isipokuwa mama mmoja. Wiki sita yuko juu na anazidi kupanda taratibu. Hajapigwa, anakula vizuri, T3 yake iko sawa. Kijana akasema, "Kaka, mimba nimeshaifikiria, lakini bado anavimba nyuma, juzi tu alikuwa amevimba."

Hapo ndo wengi wanakosea. Sokwe jike anavimba nyuma akiwa tayari kwa dume, ila anaweza kuendelea kuvimba hata miezi ya mwanzo ya mimba, uvimbe haukuhakikishii kwamba hana. Na mimba inapokua kotisoli inapanda yenyewe, kondo la nyuma linachangia, hiyo sio shida ya nje hata kidogo. Mimba yao ni kama miezi minane, ukiacha kuandika hali ya jike kwenye daftari utakuwa na miezi ya namba za juu usizozielewa.

Nikamwambia chukua mkojo wake wa alfajiri, wa kiotani, usio na mvua, afu nenda famasi ununue kipimo cha mimba cha kawaida, kile kijiti wanachonunua kina mama, homoni ya mimba ya sokwe inafanana na yetu kiasi kwamba kijiti kinaisoma. Pima mbili, siku mbili tofauti, na pima na mkojo wa dume pembeni uone kijiti hakidanganyi.

Ijumaa saa 1 asubuhi ikaingia meseji, wa dume mstari mmoja, wa mama miwili, siku zote mbili.